Nusu Saa ya Kukoroga

Jina la yule mwanamume silitaji. Si kwa woga. Nimefikiri sana nikaona kumtaja mtu ni kumpa heshima, na heshima ya kumpa huyu mimi sina. Tumwite Mwenye Mashine, kama mtaa mzima ulivyomwita, kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa yake na kila punje iliyogeuka unga mtaani kwetu ilipita mkononi mwake. Akisoma haya atajijua. Asipojijua, wapo watakaomsomea.

Ila habari hii si yake. Ni ya shangazi yangu, dada wa baba, aliyeitwa Bi Pipa. Mgeni akilisikia jina hilo alitazamia mwanamke mnene, kisha anatokea mtu mwembamba kama ufito, amefunga kitambaa kichwani, macho mekundu kwa moshi. Pipa lenyewe lilikuwa la chuma, limelazwa ubavu juu ya moto, limepitishwa nondo katikati na kuwekewa mkono wa kuzungushia. Humo ndimo alimokaanga soya. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kigoda nyuma ya mashine, mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukichochea moto. Mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, hata fundi cherehani akawa anamshonea blauzi zenye mkono mmoja mpana. Alikuwa hamuulizi tena, alijua.

Soya ni punje ndogo yenye kiburi. Ukiisaga mbichi unapata unga mzuri tu, hata jicho halioni tofauti, lakini ubichi wake uko palepale, na tumbo linaujua. Inataka ichemshwe kwanza, ianikwe, ikaangwe taratibu, imenywe maganda, ndipo iende kwenye jiwe. "Soya ina ugomvi wake," Shangazi alikuwa akisema. "Usipoumaliza kwenye moto, itakuja kuumalizia tumboni." Yeye hakuwa na saa. Alisikiliza pipa. Punje zenye maji huanguka kwa kishindo kizito, zikikauka sauti inakuwa nyepesi, na hapo huchukua moja, huitia kwenye jino, ikisema ka! anavuta kuni nje. Ikinata, anaendelea kuzungusha, na hata aje nani kumharakisha, haongezi kasi.

Unga huo, ukichanganywa na mahindi, ulikwenda zahanati kwa ajili ya watoto waliokonda. Mimi ndiye niliyefanya usafi pale zahanati, kwa hiyo hayo nayasema kwa macho yangu. Nesi alikuwa na utepe wa rangi tatu. Anauzungusha kwenye mkono wa mtoto: kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni hatari. Nimeona watoto waliokuja nyekundu, hawana hata nguvu ya kumfukuza nzi, wakaondoka kijani wakiwapiga mama zao makofi kwa kudeka. Nyama hawakuwa nayo, maziwa hawakuwa nayo. Ni ule unga wa Bi Pipa.

Na wala usidhani alikuwa muuzaji wa kusifu bidhaa yake mpaka povu litoke. Jirani aliyekuwa akinywa dawa za tezi la shingo, Shangazi alimwambia aache masaa kadhaa kati ya kidonge na uji, maana vikikutana dawa inapungua nguvu, akamuulize nesi. Mama wa mtoto wa miezi mitatu aliyetaka kumpa maji ya soya badala ya ziwa alifukuzwa na mwiko. Aliwahi kumwona mtoto mmoja akivimba midomo kwa kijiko kimoja tu, na tangu siku hiyo kila mteja mpya alimwonjesha kidogo, akamtazama usoni kwanza. Ila umbea hakuuvumilia. Fundi baiskeli wa pale jirani na mashine alikataa uji wake miaka nenda rudi, eti soya inawaotesha wanaume matiti na kuwamaliza nguvu.

"Una watoto tisa," Shangazi akamwambia mbele za watu. "Hata ukipunguzwa kidogo, mkeo atanishukuru."

Fundi akanywa kikombe. Mtoto wa kumi alizaliwa mwaka uliofuata, na mke wake akawa hamsalimii Shangazi.

Mwenye Mashine alikuwa mtu wa namna gani? Mtu wa kuona mbali, watu walisema. Kweli aliona mbali, mpaka akaona kilima cha nyuma ya mtaa wetu, chenye msitu mdogo uliokuwa ukitutunzia kijito. Akakikata chote akapanda soya. Tukadhani ni ya watoto. Wapi! Malori yalikuja yakabeba karibu mavuno yote kwenda kulisha kuku huko mbali, sisi tukabakiziwa visiki. Mvua zikinyesha kijito kikawa na rangi ya chai ya maziwa, jua likiwaka kikawa uzi. Dawa ya magugu ikapeperushwa na upepo, na mzee mmoja mwenye mizinga ukingoni akazoa nyuki wake waliokufa chini kwa fagio.

Nilipoanza kuilaani soya Shangazi alinikata. "Soya haina kosa, mwanangu. Kosa lina miguu miwili." Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa kuchezea watoto. Mwaka huu soya, mwaka ujao mahindi, na mahindi yale yalitoka na majani meusi kwa afya bila hata kiganja cha mbolea ya dukani, kwa sababu soya huiachia ardhi chakula. Lakini hakujitoa kwenye lawama. Siku moja alisimama akitazama visiki akasema, "Na pipa langu nalo limekula miti. Miaka mingapi ile?" Kesho yake akaacha kuni, akaanza kukaangia magunzi ya mahindi na mabua makavu ya soya yenyewe. Moshi ukazidi, macho yakazidi wekundu.

Sasa njoo kwenye lililoniuma.

Baba yangu alikufa siku ya Jumanne, ghafla, akifunga viatu. Shangazi alikuwa hana ndugu mwingine. Akaomba siku nne za kumzika kaka yake. Mwenye Mashine akampa, akamshika mkono, akasema, "Pole sana dada, kaa na wenzio." Shangazi akaja kwetu, akakaa chini na sisi. Wakati sisi tunalia, zahanati ilikuwa inasubiri unga, na mkaangaji hayupo. Bwana yule angeweza kungoja. Angeweza hata kuja kuuliza. Aliona uvivu, au aliona haraka, akamimina soya mbichi kwenye mashine kama zilivyotoka guniani, akafunga mifuko akapeleka.

Siku ya tano Shangazi anarudi kazini, anakuta akina mama wamejaa mbele ya mashine, watoto mgongoni wanaharisha, matumbo yamejaa hewa. Mwenye Mashine alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alipomwona akanyoosha kidole.

"Muulizeni huyo! Ameniachia soya zimeungua, zimeoza, akili yake yote iko msibani! Mimi nimesaga nilichopewa!"

Msibani. Msiba wa baba yangu ndio alioufanya kitambaa cha kufutia mikono yake. Mama mmoja alimtemea mate kwenye kanga ya msiba. Akafukuzwa siku hiyohiyo, miaka kumi na tisa ikaishia hapo, hata kigoda chake akakatazwa kuchukua. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi hotuba.

Na huyo bwana akagundua jambo. Kusaga mbichi ni rahisi! Hakuna moto, hakuna mkaangaji, hakuna kungoja. Akaendelea hivyohivyo, akaandika mifukoni "Unga Asilia". Watoto wakaendelea kuumwa, si wa kufa, ila wa kutopanda uzito. Nesi akalaumu maji ya kijito, na kijito kwa kweli kilikuwa na sura ya kulaumiwa.

Wiki tano Shangazi alikaa ndani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukizunguka wenyewe juu ya goti, hajui. Kisha jirani yetu akaja na mtoto wake mwenye tumbo kama ngoma na mfuko wa unga mkononi. Shangazi akachukua chembe, akaweka kwenye ulimi. Akatema.

"Mbichi," akasema. "Huyu mtu hakaangi kabisa."

Nilifurahi. Ninaandika ukweli: nilifurahi hadi nikapiga kofi. Nikamwambia twende kwa nesi sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Nikienda leo nitaambiwa nina kinyongo. Na kweli ninacho. Tungoje. Wakubwa wa afya wanakuja kukagua, umesema mwenyewe, miezi miwili ijayo. Siku hiyo nitasimama mbele yao na mfuko huu, nitasema jambo moja tu: mpikieni uji wake, anywe hapahapa."

Akaufunga mfuko kwa kamba, akausukuma chini ya kitanda. Siku zile ndizo zilizonipa raha tangu baba afe. Nikipiga deki nilikuwa namwona yule bwana jasho linamtiririka mbele ya wakubwa. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na sisi tulikuwa wawili wa kukumbushana.

Haikufika hata wiki mbili. Yule mtoto wa jirani alilegea mikononi mwa mama yake hapo hapo uani kwetu, macho yakageuka juu. Alikimbizwa zahanati akawekewa maji, akapona. Niliporudi nilimkuta Shangazi amekaa kitandani, mfuko uko mapajani, kamba imefunguliwa.

"Ubichi wa soya unaweza kuuliwa hata kwenye sufuria," akasema, kama mtu anayezungumza na mfuko. "Uji ukichemka, uendelee nusu saa nzima, ukikorogwa. Wao wanapika dakika tano."

"Shangazi, ukiwaambia watoto watapona."

"Ndiyo."

"Na siku ya wakubwa hutakuwa na la kuonyesha!"

Alivaa ile blauzi ya mkono mpana akatoka.

Alipita nyumba arobaini na moja kwa siku nne, nyumba za watu waliotazama akitemewa mate. Hakumtaja Mwenye Mashine hata mara moja. Alisimama mlangoni akasema, "Uji huo uchemshe nusu saa, ukikoroga. Fanya hivyo wiki moja, halafu kama mtoto hajabadilika njoo unitukane." Wengi walilalamika kuhusu mkaa. Akawaambia wapike nyumba nne nne kwenye sufuria moja, kwa zamu, na yeye mwenyewe akasimamia zamu ya kwanza kila kikundi. Wapo waliofanya kwa imani, wapo waliofanya ili wapate sababu ya kumtukana.

Watoto wakapanda. Niliona utepe kwa macho yangu, nyekundu ikawa njano, njano ikawa kijani. Nesi alifurahi, akaandika barua ya sifa. Alisifu nini? Unga! Wakubwa walipofika wakamkabidhi Mwenye Mashine cheti mbele ya umati, chenye muhuri, na mchoraji akachora ukutani kwake mtoto mwenye mashavu mawili kama maandazi, na maneno "Siri ni Unga Wangu." Mimi nilikuwa nimesimama na fagio. Lingekuwa jepesi kidogo ningelirusha.

Nilifika nyumbani na fagio langu. "Umemsafishia jina, Shangazi! Umemsafishia kwa mkaa wa watu na miguu yako!"

Alikuwa anachambua mchele. Akasema taratibu, "Nimeruka nyumba moja."

"Ipi?"

"Yake."

Ilinichukua muda kuelewa. Daktari alikuwa amemwambia Mwenye Mashine damu yake imejaa mafuta, apunguze nyama nyekundu, na soya ingemfaa moyo wake. Ni ushauri mzuri, Shangazi mwenyewe angeutoa. Basi bwana yule alikuwa akinywa uji wake mwenyewe, bakuli mbili asubuhi, moja jioni, uliopikwa na mkewe dakika tano kama mfuko ulivyoandikwa. Ndiyo maana siku ya cheti, katikati ya hotuba, tumbo lake lilinguruma hadi kipaza sauti kikalitangaza, akamaliza kwa "asanteni sana" kabla hajaanza shukrani, akaondoka kwa hatua za mtu aliyebana kitu magotini. Watu walidhani ni hisia. Mimi na Shangazi tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Wanawake arobaini na mmoja walijua habari ya nusu saa, na hata mmoja hakuupeleka ule ushauri kwenye ile nyumba, maana kila mmoja alidhani mke wa mwenye unga anajua kupika unga.

Kwa miezi mingi hicho ndicho kilikuwa kisasi chetu, na nakiri kilikuwa kitamu. Nikikutana naye njiani, uso umesawijika, mkono tumboni, nilimwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee! Uji unaendeleaje?" Ningeishi hivyo mpaka uzeeni.

Kisha akaja mjukuu.

Binti wa Mwenye Mashine alipata kazi mbali, akamleta mwanawe kwa bibi yake, kasichana ka mwaka mmoja na nusu, kanono, kenye sauti. Niliwaona siku ya kupima. Utepe ulisema kijani. Wiki mbili baadaye, njano. Nesi akauliza, "Anakula nini huyu?" Bibi yake akajibu kwa majivuno, "Unga wa babu yake, mara tatu kwa siku."

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, na kitambaa cha deki mkononi. Ningesema maneno mawili tu. Nikakikamua kitambaa. Nilijiambia malipo ni hapa hapa duniani, na kwamba si mimi niliyeusaga ule unga. Wiki iliyofuata njano ilikuwa imefika ukingoni. Nesi akakuna kichwa: "Ajabu. Watoto wote wanapanda, huyu peke yake anashuka, na unga ni wa kwao." Nikapiga deki. Wiki ya tatu, nyekundu. Mtoto alipovutwa mkono hakulia, aliutazama tu utepe.

Nikaenda kumwambia Shangazi. Sitadanganya hapa, maana ningeweza. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kama mtu anayepeleka habari njema, nikakaa kwenye mkeka, nikasimulia tangu mwanzo, kijani, njano, nyekundu, na nikamalizia, "Mungu si Athumani, Shangazi! Sasa naye atajua uchungu wa mtoto kuumwa!"

Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki ya tatu hii."

"Wiki ya tatu." Akaweka kiazi chini. "Huyo mtoto alinitukana lini?"

Nikatazama maganda ya viazi.

"Alinifukuza kazi? Alisimama kwenye ngazi? Niambie, mwanangu, nisije nikawa nimesahau."

Akainuka, mikono na maganda yake, akatoka. Nikamfuata nyuma kama mbuzi. Njiani hakunitazama, ila tulipofika kwenye kona ya mashine akasema bila kugeuka, "Mimi ndiye niliyeruka ile nyumba. Ningejua kuna mtoto nisingeiruka. Wewe ulijua." Baba yangu aliwahi kunichapa mara mbili maishani, na zote hazikuuma hivyo.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Mwenye Mashine. Alipomwona Bi Pipa alirudi nyuma, labda alidhani tumekuja kumzomea. Shangazi alisema, "Hodi yangu nimeshaipiga. Mtoto yuko wapi?" Akapita moja kwa moja hadi jikoni. Kasichana kalikuwa kamelazwa kwenye godoro dogo pembeni ya meza, kanatazama dari. Shangazi alikainua akaniwekea mapajani.

"Wewe mshike. Usimwachie mtu."

Ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na aliijua. Nimebeba ndoo za maji, nimebeba jeneza la baba kwa ukingo mmoja. Sijawahi kubeba kitu chepesi kama yule mtoto. Mbavu zake nilizihesabu kwa vidole bila kutaka.

Mwenye Mashine akatokea chumbani, amevaa fulana, mkono tumboni kama kawaida yake. "Umefuata nini kwangu?"

"Nimefuata sufuria," Shangazi akasema. Mke alikuwa ameshaanza kuhangaika na jiko. "Si wewe, dada. Wewe pumzika. Yeye."

Sijui ni nini kilichomfanya atii. Labda ni ile sauti, labda alimtazama mjukuu wake mikononi mwangu. Aliwasha jiko, akabandika maji, akakoroga unga wake kwenye bakuli, akamimina. Shangazi akavuta kigoda akakaa. Ndipo nikakitambua: kilikuwa kile chake cha miaka kumi na tisa, kimepakwa rangi upya. Naye alikitambua. Alikikalia vizuri.

Uji ulichemka. Akataka kuepua.

"Bado," Shangazi akasema. "Koroga."

Alikoroga. Dakika tano zikapita, kumi. Jasho lilimtoka, mkono ukachoka, maana hakuwa na mazoea. Akataka kubadilisha mkono, akaambiwa wa kulia unatosha. Mkewe alisimama mlangoni na mtandio mdomoni.

"Kwa nini muda mrefu hivi?" Mwenye Mashine akauliza.

"Kwa sababu ni mbichi. Wewe unajua ni mbichi. Wanawake arobaini na mmoja wa mtaa huu wanapika nusu saa, miezi yote hii. Cheti chako ukutani kimepikwa na wao."

Mwiko ukasimama. Niliona uso wake ukihesabu: nyumba, watoto, tumbo lake, hotuba yake, mjukuu. Sikuwahi kuona mtu akilipishwa deni lake lote kwa mara moja, na kwa miezi nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo nitashangilia. Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. Sikushangilia.

"Ulijua," akasema kwa sauti ndogo. "Ukaniacha."

"Wewe ulijua kwanza. Nilikuwa namzika kaka yangu." Shangazi hakupaza sauti. "Huyo aliyemshika mjukuu wako ni binti yake. Siku ya kupima ijayo utakuja zahanati, utasimama kama ulivyosimama kwenye ngazi, utawaambia akina mama nani aliunguza nini. Halafu utafuta lile shavu ukutani. Koroga, unashika chini."

Akakoroga. Machozi yalikuwa yakimdondoka, sijui kwa moshi au kwa jingine, na sikujali. Ilipofika nusu saa harufu ilibadilika, ule ubichi wa majani ukapotea, ukabaki utamu mkavu niliokuwa nimeusahau tangu pipa lizimwe. Shangazi alitia ncha ya kijiko ulimini, akaitikia kwa kichwa. Akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, akanipa mimi nimlishe. Kijiko cha kwanza mtoto alikiacha kitelemke shavuni. Cha pili akakimeza. Cha tatu akafungua mdomo kabla sijafika.

Mwenye Mashine alipiga goti palepale sakafuni, mwiko ungali mkononi. "Dada, nisamehe."

Shangazi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na alitutazama wote wawili kwa macho yaleyale. Akanyoosha kidole kwenye sufuria.

"Bado," akasema. "Uliobaki ni wa bakuli yako. Koroga."